Mchanga unanimeza: jibu kwa dereva wa lami aliyeingia jangwani

Swali: Kaka, habari. Nimecheza gemu za magari ya lami kwa miaka na huko niko vizuri tu. Juzi nimeanza Dakar Desert Rally, gemu ya mbio za jangwani, na nimekuwa kichekesho. Gari linakwama mchangani, nikivuka tuta linapinduka, na nikiweka ile hali ya Professional ambayo haikuonyeshi njia, napotea mpaka nazima mashine kwa hasira. Nimechukua gari lenye nguvu zaidi, nimeongeza spidi, wapi! Tatizo ni mimi, ni pedi ya gemu, au ninunue usukani wa gemu?

Jibu:

Tatizo ni wewe, mdogo wangu, lakini usininunie. Tabia zilezile zilizokufanya uwe mkali kwenye lami ndizo zinazokuzika mchangani. Nasema hivyo kwa sababu nimepita hapohapo. Nilitoka kwenye saketi nikiwa na mkono mwepesi na breki za dakika ya mwisho, nikaingia jangwani kwa mbwembwe, na kwa wiki mbili sikumaliza hatua hata moja, yaani kipande kimoja cha mbio, bila kubonyeza kile kitufe cha kurudishwa njiani. Nikaanza kuilaumu gemu. Usukani tutaufikia mwishoni, maana kuna mengi ya kurekebisha kabla yake.

Kwenye saketi unapita mahali pamoja mara ishirini, mara hamsini. Baada ya siku chache mikono inaijua kila kona na macho yanabaki kuthibitisha tu. Jangwani kila tuta unalipita mara moja na hulioni tena, kwa hiyo mikono haina cha kukumbuka. Spidi yako inapangwa na umbali ambao macho yanaweza kusoma ardhi iliyo mbele. Piga hesabu kidogo. Ukiwa kwenye kilomita 140 kwa saa, gari linameza karibu mita 39 kila sekunde. Ukingo wa tuta ukiuona ukiwa mita 60 mbele yako, una sekunde moja na nusu ya kuamua kama ni wa kupanda, wa kuzunguka au wa kukwepa. Uliponiambia umechukua gari lenye nguvu zaidi, nilicheka, kwa sababu hiyo sekunde na nusu ndiyo uliyokuwa unaikata.

Na usidhani kwenye mbio zenyewe za Dakar, zile za kweli ambazo gemu yako imeziiga, watu wanafukuzana na spidi ya juu. Magari ya daraja la juu yanafungiwa kilomita 170 kwa saa na malori 140. Gari la kawaida la barabarani linaweza kufika huko. Ushindi unatoka kwingine.

Tuanze na mchanga wenyewe. Lami inakupa mshiko hata ukikosea. Ukiachia mafuta, gari linateleza mbele taratibu. Mchanga haukopeshi. Tairi inasonga kwa kuusukuma nyuma, na ukikanyaga kwa nguvu kuliko mchanga unavyoweza kuhimili, unakatika chini ya tairi na tairi inaanza kuchimba. Hapo ndipo wewe, kwa mazoea, unaongeza mafuta. Sekunde tatu baadaye umekaa kwenye shimo ulilolichimba mwenyewe. Upande wa pili, ukiachia mafuta ghafla, mchanga unajikusanya mbele ya matairi na gari linasimama kana kwamba umepiga breki. Ndiyo maana madereva wa jangwani hawagusi breki sana kwenye mchanga laini: kuachia mafuta ni breki tosha.

Kona nazo hivyohivyo. Ukikata usukani hadi mwisho, magurudumu ya mbele yanageuka jembe. Yanalima, gari linakwenda mbele vilevile, na spidi inakufa. Geuka kwa duara kubwa, anza mapema, kijiti cha pedi kisifike hata nusu. Kama unataka pua iingie zaidi, achia mafuta kidogo ili uzito uje mbele, halafu rudisha. Drifti za madaha na handibreki waachie wenye lami.

Kuna jambo moja dogo ambalo lilinibadilishia mchezo kuliko yote: gia. Ukiacha gia za otomatiki, sanduku la gia linapandisha gia katikati ya mlima wa mchanga, injini inakata pumzi, na kabla haijashuka tena umeshasimama. Weka gia za mkono. Panda tuta kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikilia juu, na usibadilishe mpaka ufike. Mwanzoni utasahau kubadilisha na injini itapiga kelele kwenye tambarare. Siku mbili tu, utazoea.

Upepo wa matairi, kama gemu yako inakuruhusu kuugusa, shusha. Madereva wa kweli wakifika kwenye matuta hushusha hadi karibu na bar 1, kwa sababu tairi lililolegea hulala na kupata eneo kubwa la kukanyaga, kama mguu wa ngamia. Baadhi ya magari yana mtambo wa kutoa na kujaza upepo dereva akiwa amekaa kitini. Ukifika kwenye mawe urudishe, maana tairi laini kwenye jiwe kali halichelewi kupasuka. Kama hakuna sehemu ya upepo, basi lainisha springi kidogo na uendelee na maisha.

Sasa matuta. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo unapopinduka.

Matuta hayakumwagwa ovyo, wala kwenye gemu iliyotengenezwa vizuri hayamwagwi ovyo, kwa kuwa waliochora ramani wameiga jangwa halisi. Upepo unasukuma chembe za mchanga kupanda mgongo mmoja taratibu. Upande huo unaopigwa na upepo unakuwa mlalo, nyuzi 10 hadi 15 hivi, na mchanga wake umeshindiliwa. Chembe zikifika ukingoni zinaporomoka upande wa pili, na huko mteremko unakaa kwenye nyuzi 30 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kusimama wima zaidi ya hapo bila kuanguka. Huko ni laini kama unga. Mabaharia wa majahazi wana maneno yanayofaa hapa: upande wa upepo ni goshini, upande uliokingwa ni demani. Shika hilo: panda kwa goshini, shuka kwa demani. Ukijikuta njia inakudai kupanda kwa demani, usibishane nayo. Kata kando, tafuta pale ambapo ukingo umebonyea, au zunguka kabisa. Matuta yenye umbo la mwezi mwandamo yana pembe mbili ndefu zinazoelekea kule upepo unakokwenda, na pembe hizo ni fupi kwa kimo. Kupita penye pembe kunakuongezea mita mia moja au mia mbili na kunakuokolea dakika.

Utaujuaje upande? Angalia mistari midogo ya mchanga, ile mikunjo kama ya maji ya pwani yaliyotulia. Imekaa kukingama na upepo. Na angalia kivuli: ukingo wa tuta unaodondoka ghafla mara nyingi unachora mstari mkali kama umekatwa kwa kisu, wakati upande wa goshini unafifia polepole.

Haya, chukua tuta moja la goshini, la kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Ukiwa bado kwenye ardhi ngumu chini, nyoosha gari lielekee ukingo moja kwa moja, kama herufi T. Gia ya tatu. Spidi yote unayoihitaji uichukue hapo chini, kwa sababu njiani hutaipata. Unaanza kupanda: R2, kitufe cha mafuta, imebanwa imara, robo tatu hivi, kijiti kimenyooka kabisa. Skrini inajaa mchanga, halafu taratibu mbingu inaanza kushuka kutoka juu. Mbingu ikishachukua zaidi ya nusu ya kioo, anza kulegeza kidole. Usikitoe, kilegeze. Lengo ni ufike ukingoni ukiwa na spidi ya mtu anayekimbia polepole, matairi ya mbele yavuke, pua ianguke, na kwa mara ya kwanza uone kilichoko upande wa pili. Hapo ndipo unapoamua. Kama ni mteremko safi, rudisha mafuta kidogo na ushuke ukiwa umenyooka. Kama kuna shimo au gari lililokwama, bado una uwezo wa kuchagua.

Wewe unachofanya, nina hakika, ni kufika ukingoni kwa mafuta yote. Gari linaruka, linatua kwenye demani pua mbele, na linabingirika. Au unaogopa na kuachia mafuta mapema mno, gari linakalia tumbo juu ya ukingo, matairi yote yakining'inia. Kati ya makosa hayo mawili chagua la pili, angalau gari linabaki zima.

Kushuka nako kuna mtego. Gari likianza kukaa ubavu kwenye mteremko, akili ya lami inakuambia piga breki na urudishe usukani juu. Usifanye hivyo hata siku moja. Matairi ya chini yatazama na gari litapita juu yake. Geuza pua ielekee chini, ongeza mafuta kidogo, acha gari lijinyooshe. Inatisha mara ya kwanza. Unaona kama unajitupa. Mara ya tano unaifanya huku unaongea.

Na ukishindwa kupanda? Kushindwa si kosa. Kosa ni kung'ang'ania. Mara tu unapohisi spidi imekwisha na tuta bado liko, acha mafuta, tia gia ya nyuma, rudi chini kwenye alama zako mwenyewe bila kukata kona, nenda nyuma zaidi ya mwanzo, na ujaribu tena kwa mwendo mrefu zaidi. Kama ni lazima usimame mahali, simama kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Hapo kuondoka ni bure.

Nje ya matuta kuna mambo mengine ya kukutoa roho. Kuna vishungi vya nyasi, vile vinundu vya mchanga vilivyoshikwa na mizizi. Kwa mbali ni uwanda wa kijani kibichi na unajisemea sasa nimepona, kumbe kila kinundu ni kigumu kama gogo. Huko ni mwendo wa polepole na kuchagua njia kati yake. Kuna vumbi laini kama poda, linaloitwa feshifeshi, ambalo linafunika mashimo. Ukiingia, mafuta yasikatike mpaka utoke. Na makorongo makavu: yavuke kwa pembe kidogo ili tairi moja ya mbele iingie kwanza, spidi ikiwa chini. Kwenye kuruka, magurudumu ya mbele yawe yamenyooka kabla hujagusa ardhi. Magari ya T1+, lile daraja la juu la magari ya Dakar, yana springi zinazocheza sentimita 35 na matairi ya inchi 37, yanasamehe mengi, lakini kutua na usukani uliokatwa hayasamehi.

Sasa lile la kupotea. Usilionee aibu hata kidogo, maana mbio hizi zilizaliwa na mtu aliyepotea. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alikuwa kwenye pikipiki katika mbio za Abidjan hadi Nice akapotelea jangwani Libya. Aliokolewa, akarudi kwao na wazo, na tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza wa Paris–Dakar ukaondoka Paris. Tangu 2020 mbio hizo zinafanyika Saudi Arabia, baada ya miaka kumi na zaidi Amerika Kusini, lakini kazi ya kutafuta njia haijabadilika: hupewi mstari wa kufuata kwenye ramani. Unapewa kitabu cha njia, dira na kipima umbali.

Kila mstari wa kitabu hicho una sehemu tatu. Kushoto kuna kilomita: umbali tangu mwanzo, na umbali kutoka alama iliyopita. Katikati kuna mchoro mdogo. Kitone ndiko unakotoka, mshale ndiko unakokwenda. Kulia kuna maonyo na nyuzi za dira. Chukua mstari kama huu: 47.30, chini yake 2.15. Mchoro unaonyesha njia mbili zinazoachana na mshale ukipita katikati yake, pasipo na njia yoyote. Kulia kuna alama mbili za mshangao, herufi HP, na CAP 215.

Mtu wa lami anausoma mstari huo akiwa ameshafika kilomita 47.30, spidi 120, kisha anafuata njia ya kulia kwa sababu ndiyo pana. Umepotea. Msomaji wa jangwa anausoma mara tu anapomaliza alama iliyotangulia, akiwa kwenye 45.15. Mimi husema kwa sauti, hata kama walio chumbani wananiona nimechanganyikiwa: "Kilomita mbili na kidogo, njia panda, sichukui hata moja, katikati, hatari ya pili, mia mbili kumi na tano." HP ni kifupi cha Kifaransa chenye maana ya nje ya njia. Alama za mshangao zinafika tatu, na mbili zinatosha kukuvunjia gari. CAP ni uelekeo: 180 ni kusini, 270 ni magharibi, basi 215 ni kusini magharibi kwa kuegemea kusini kidogo. Kipima umbali kikisoma 46.90 nimeshalegeza mafuta, nimeshaiona njia panda, na naitafuta 215.

Ukishaipata, acha kuitazama dira. Wengi hukwama hapa: wanaendesha macho yakiwa kwenye namba, namba inacheza, nao wanacheza nayo kama mlevi. Nyoosha gari kwenye 215, tazama upeo wa macho, chagua kitu kimoja kilichoko huko, jiwe jeusi, nundu ya mlima, tuta lenye doa, halafu endesha kuelekea kitu hicho. Ukifika, chagua kingine. Ukilikwepa tuta kwa kushoto, rudi kulia kwa kiasi hichohicho. Kosa la nyuzi 5 tu linaonekana dogo, lakini baada ya kilomita 10 umeachana na ulikotakiwa kuwa kwa mita 870 hivi. Kwa umbali huo alama ya kupita unaweza kuikosa kabisa, huku ukiamini uko sawa.

Kipima umbali nacho kinadanganya kidogo, bila nia mbaya. Kila ukizunguka tuta unaongeza mita ambazo kitabu hakina. Unaweza kufika mahali panapofanana kabisa na mchoro, ila kipimo kinasoma 47.60 badala ya 47.30. Amini mchoro, kisha kama gemu inaruhusu, rekebisha kipimo kiwe 47.30 hapohapo. Usiporekebisha, makosa yanajilimbikiza na alama ya kumi utaitafuta kijiji cha pili.

Ukipotea, na utapotea, simama. Kuzunguka ovyo ukitegemea bahati ndiko kunakofanya uzime mashine. Rudi hadi alama ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo, sahihisha kipimo, anza upya. Na usifuate alama za matairi wala vumbi la mwenzako. Aliyekutangulia anaweza kuwa amepotea kwa kujiamini kuliko wewe.

Kwa hiyo rudi kwenye hali ya Sport kwanza. Huko njia unaonyeshwa, akili yote inabaki kwenye mchanga. Ukishavuka matuta bila kuyawaza, ndipo uingie Professional ujifunze kusoma. Ulichofanya ni kujaribu kujifunza kuogelea na kuandika barua kwa pamoja. Simulation, ile hali ngumu kuliko zote, iache ipumzike.

Gari nalo, shuka ngazi. Chukua SSV, kile kigari chepesi cha viti viwili. Hakina nguvu nyingi, kwa hiyo kinakufundisha kutunza mwendo, na kikipinduka hasara ni ndogo. Lori linavutia, najua, mimi mwenyewe nilinogewa na lile li-mashine la zaidi ya tani 8 linavyopasua tuta, lakini likianza kulala ubavu hakuna wa kuliinua. Pikipiki inapita popote, ila kuendesha na kusoma kwa wakati mmoja ni kazi ya watu waliokomaa.

Halafu kuna suala la mwendo wa hatua nzima, na hapa wachezaji wengi hawataki kusikia. Tuseme hatua ni kilomita 40. Ukienda kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa unatumia dakika 30. Ukijikaza hadi wastani wa 90 unatumia dakika 26 na sekunde 40. Umepata dakika 3 na sekunde 20 kwa kuhatarisha kila kitu. Kukwama mara mbili, dakika mbili kila mara, tayari umeziteketeza na deni juu. Bado hujaweka adhabu ya alama uliyoikosa, wala rejeta iliyotoboka. Mwaka 2021 Stéphane Peterhansel alitwaa taji la magari la Dakar akiwa ameshinda hatua moja tu kati ya 12. Mpinzani wake Nasser Al-Attiyah alishinda kadhaa, akamaliza wa pili. Peterhansel ana mataji 14, 6 ya pikipiki na 8 ya magari. Huyo si mtu wa kubahatisha.

Mara moja niliongoza hatua ndefu hadi zikabaki kilomita mbili. Nikaona bendera za mwisho kwa mbali, nikasema ngoja nimalize kwa heshima. Tuta la mwisho kabisa, mafuta yote, demani. Nilimaliza hatua nikiwa juu chini.

Vumbi: ukimkaribia aliye mbele na kioo kikageuka kahawia, usijitose. Sogea upande ule upepo unakotoka, vumbi lake litakwenda kando, kisha mpite mahali palipo wazi. Na saa sita mchana ya kwenye gemu ni mbaya kuliko usiku, kwa sababu vivuli vinapotea na mashimo yanaonekana tambarare. Punguza. Pia shusha mwangaza wa runinga kidogo. Wengi wameuweka juu mno na mchanga wote unakuwa karatasi nyeupe.

Mipangilio ya pedi sasa, upesi. Eneo bubu la kijiti, yaani ile nafasi ambayo unasukuma na hakuna kinachotokea, lifanye dogo kadiri kijiti chako kinavyovumilia bila gari kujiendea lenyewe. Wepesi wa usukani ushushe, ili mwanzo wa kijiti uwe mpole na ukali ubaki mwishoni. Kama mashine yako inatoa chaguo kati ya picha nzuri na picha laini, chukua laini, fremu 60 kwa sekunde. Jangwani unasoma ardhi, na ardhi inayorukaruka haisomeki. Kamera ya nyuma ya gari inakuonyesha zaidi ya ukingo na ni nzuri kwa kujifunzia. Mimi hupenda ya juu ya boneti, kwa kuwa inaniambia pua imeelekea wapi, lakini hapo tunabishana ladha tu.

Na usukani? Hapana, si sasa. Usukani mzuri unakufanya uhisi magurudumu ya mbele yanapokuwa mepesi kabla hujazama, na hilo ni tamu, ila haukusomei tuta wala kitabu. Tena mchangani unazungusha mikono mfululizo. Ukiuacha kwenye nyuzi 900 kama wa gari la mjini utachoka mabega kabla ya hatua kuisha, wengi huushusha hadi 540 au chini ya hapo. Baki na pedi yako. Ukimaliza hatua tatu mfululizo za Professional na SSV bila kubonyeza kitufe cha kurudishwa njiani, niandikie tena, tuzungumze usukani gani.